Mabenchi ya Mzee Vitus

Simu iliita Faustina akiwa ameshika kalamu. Mbele yake, katika ofisi ndogo ya mikopo Mwanjelwa, jijini Mbeya, kulikuwa na fomu iliyobakiza sahihi tu. Cherehani aliyonunuliwa na baba yake ndiyo iliyoandikwa dhamana.

Aliyepiga ni Ambrosi, mdogo wa baba yake.

"Faustina, umekaa?"

"Nimekaa, baba mdogo."

"Kaka ametutoka. Ameanguka karakanani asubuhi hii. Hata maji hakuomba."

Faustina akaiweka kalamu juu ya fomu.

"Pole, dada. Ila weka sahihi kabisa, msiba nao una gharama," mwenye ofisi akasema. Faustina akachukua mkoba wake, akatoka.

Njia nzima kwenda Iringa hakutulia. Akikaa anasimama, akisimama kondakta anamkalisha. Maneno ya mwisho aliyosemezana na baba yake, Mzee Vitus seremala, yalikuwa ugomvi wa viti.

Yeye alitaka harusi ya ukumbini, hata kwa mkopo, na viti vilivyovalishwa vitambaa, maana ndugu za mchumba wake Isakwisa wangetoka Makongolosi, kwenye machimbo ya dhahabu. Mzee alitaka ndoa ifungwe misa ya kwanza ya Jumapili, kisha watu waje nyumbani wale pilau, wakikalia mabenchi atakayotengeneza mwenyewe.

"Mabenchi, baba? Hii ni harusi au kilabu cha ulanzi?"

"Kwani hao wa Makongolosi makalio yao ya dhahabu?" Mzee alicheka kwenye simu, kisha akaacha kucheka. "Mwanangu, usianze ndoa unajificha wadai."

Faustina alikata simu. Wiki mbili hakumpigia.

Alipofika nyumbani aliwakuta waombolezaji uani, wamekalia mabenchi mapya. Mbao za mipaini zilikuwa bado nyeupe, utomvu unanata kwenye nguo.

"Ametengeneza kumi na mawili," Ambrosi alimwambia. "La kumi na tatu liko karakanani, halina miguu."

Wote walikaa, yeye hakukaa. Alizunguka nyumba. Alipanga vikombe akavipangua, akafagia palipokwisha kufagiwa, akaanza rozari akapotea katikati, akaanza tena.

Asubuhi ya siku ya maziko simu ikaita. Ilikuwa ile ofisi.

"Dada, hela yako iko tayari. Ni sahihi tu."

Aliyatazama mabenchi. "Chana hiyo fomu," akasema.

Isakwisa, aliyefika alfajiri, alikuwa amesimama karibu. "Na ukumbi?"

"Tutafunga ndoa misa ya kwanza, matanga yakishapita. Watu watakaa hapa."

"Wajomba zangu watasema."

"Waseme wamekaa."

Isakwisa akatikisa kichwa, akataka kutabasamu, akajizuia. Akachukua koleo kwenda kuwasaidia waliokuwa wanachimba kaburi.

Saa nane mchana walimzika Mzee Vitus nyuma ya karakana yake, ubavuni mwa kaburi la mkewe. Jeneza lilitengenezwa na Mika, fundi aliyefanya naye kazi miaka mingi. Padri alinyunyiza maji ya baraka. Ambrosi alitupa udongo, akafuata Faustina, kisha wengine. Vijana wakafukia, wakasimika msalaba wa mbao. Watu wakasali raha ya milele umpe, ee Bwana, na manyunyu yakaanza.

Wakarudi uani, wakakaa. Mwishoni mwa benchi mojawapo palibaki nafasi. Faustina akakaa.