Goli la kichwa la Lusekelo

Wiki ya pili sasa, na bado mkono wangu unafungua simu kumtumia Seke voice note. Kazi yangu ni kuongea, lakini hii habari haitaki kutoka mdomoni. Lusekelo, Seke wetu, amefariki. Jana tumemzika.

Kwa mnaonisikia redioni tu hapa Iringa: Seke ni yule winga wa Ilomba, Mbeya, aliyecheza Oman, Kuwait, na mwisho Iraq. Tulilala bweni moja tangu kidato cha kwanza. Yeye alicheza, mimi nilisimama kwenye mstari natangaza na daftari nililolikunja kama kipaza sauti. Alisema akisikia jina lake miguu inakuwa myepesi.

Mnyakyusa na Mhehe, fikirieni kelele zake. Nikinuna aliwatahadharisha watu wasinisogelee, Mhehe akikasirika hashikiki. Nami nilimjibu kwamba kwao hata wakisalimiana utadhani wanagombania shamba.

Wiki ya kwanza Oman alinipigia analalamika kwamba bomba la maji ya baridi linatoa ya moto. Mtu aliyezoea kuoga maji ya Mbeya mwezi wa sita! Akataka kurudi. Agent wake akambembeleza, mama yake akamwambia avumilie.

Kiarabu alijifunzia uwanjani, kwa hiyo alijua matusi kabla ya salamu. Siku moja alimshukuru mwenye timu kwa neno ambalo mabeki walikuwa wanamwambia yeye. Bahati yake mzee alicheka.

Lile goli la Kuwait, nusu fainali ya kombe, ninyi wenyewe mnalishare tangu juzi. Aliuchukua mpira katikati, akapita watu watatu, akafunga kwa mguu wa kulia. Sisi wa shuleni tulijua mguu ule ulikuwa wa kupandia ngazi tu. Nililia siku ile, studio nzima ikanicheka.

Sasa niseme lililonileta.

Mechi zile hazikuwa zinaonekana kwenye king'amuzi cha Mama Seke. Kwa hiyo kila akicheza, mimi nilitafuta stream huku Iringa, nikampigia Mama, naye akaweka simu loudspeaker kwenye stuli. Majirani walikaa na chai, nami nikawatangazia mechi nzima. Tulifanya hivyo miaka sita. Kwa Mama, mpira wa Uarabuni ulikuwa sauti yangu.

Pale Iraq, Seke alienda medical ya klabu, wakaona moyo wake una shida. Wakamtoa kikosini wakisubiri vipimo zaidi. Alinipigia akiwa ametulia kuliko nilivyotaka.

"Mama ana presha," akaniambia. "Usimwambie. We tangaza tu kama kawaida."

Nikatangaza. Mechi ilikuwa inachezwa kweli, majina yalikuwa ya kweli, ila winga wa kushoto nilimwita Seke. Wiki ya kwanza nilimpa krosi mbili na kadi ya njano ili nisizidishe. Wiki iliyofuata nikarudia. Jamani, uongo unazoeleka upesi sana.

Halafu ikaja mechi ya kombe. Dakika za mwisho, kona, mtu mwingine kabisa akaruka akapiga kichwa. Nikasema Seke. Nilisikia Ilomba nzima ikilipuka, Mama akipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Wengi mmeniomba clip ya goli hilo. Haipo. Msiendelee kuitafuta.

Siku tisa baadaye Seke alianguka kwenye ngazi za nyumba aliyopanga, akitoka kununua mkate. Mchezaji mwenzake ndiye aliyenipigia. Mimi ndiye niliyempigia Mama, na kwa mara ya kwanza sikujua nianzie wapi.

Jana baada ya mazishi watu walijaa turubai, kutoka Mbalizi, kutoka Soweto ya Mbeya, wachezaji wenzake wa zamani. Mama akaniita mbele. Akawaambia wageni kwamba huyu ndiye macho yake.

"Mwanangu, hebu watangazie ile goli ya kichwa," akasema. "Wasikie mtoto wangu alikuwa nani."

Nilisimama. Nilianza kabisa, kona inapigwa kutoka kulia. Nikakatisha hapo.

Nikamwambia Mama kwamba Seke hakucheza siku ile. Nikamwambia habari ya moyo, na kwamba nilijua muda wote. Hakunitukana. Aliniuliza tu siku ile mwanawe alikuwa wapi.

Nikamwambia alikuwa kitandani, kwenye simu. Nilimuunganisha kwenye line yetu, akafunga mic yake. Alisikiliza mechi nzima, alisikia na vigelegele. Mama alipokata simu yeye alibaki, na nilimsikia analia.

Mama akajifuta uso kwa khanga.

"Ningejua, ningemwambia arudi nyumbani," akasema. "Na angerudi."

Angerudi. Ninyi mnaomjua mnajua hilo. Seke aliwabishia makocha wa nchi tatu, lakini neno la mama yake hakuwahi kulipinga hata siku moja.

Ndugu yangu Seke, uliniomba siri nikaitunza, nikajiona rafiki wa kweli. Nilitakiwa kukusaliti. Nilitakiwa kumpigia Mama siku ileile na kumwambia mtoto wako anaumwa, mwite. Ungeninunia mwaka mzima, na leo ungekuwa Ilomba unaninunia.

Pumzika, kaka. Kesho asubuhi narudi kwa Mama. Sijui kama atanifungulia.