Tundu la Karibu na Vali

Kila nikisikia harufu ya gundi ya viraka kwa fundi baiskeli, namwona baba amechuchumaa uani na karai la maji. Mama alikuwa ameshikwa na uchungu tangu alfajiri, na hospitali ilikuwa mbali, Kasulu mjini. Baba alizamisha tyubu ya baiskeli majini. Mapovu yakatoka palepale kwenye shina la vali.

"Hapazibiki?" mama aliuliza kutoka mlangoni.

"Panazibika. Ila kiraka kikiachia mteremkoni nimekupakia, nitakuua."

Akaiegemeza baiskeli ukutani, akaenda kuita majirani. Wakambeba mama kwa machela, kwa miguu, wakipokezana.

Tulipomaliza matanga ya mama, baba aliiziba ile tyubu. Kiraka kilishika mpaka nikamaliza shule.