Siku Tuliyozindua Barua Pepe ya Wakulima wa Zabibu

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kitengo cha Mtandao alinikabidhi orodha ya wateja akasema, "Jina la kikoa ndilo jina la mteja mtandaoni. Rekodi zake ndizo zinazoelekeza barua pepe ziende kwenye seva ipi. Ukikosea hapo, mteja hapati kitu, na wala hajui kwamba hapati." Nilihamishiwa Kondoa, nikarudishwa Dodoma mjini, wakuu wakabadilika, kazi ikabaki hiyohiyo. Kwa kweli ilinichosha.

Kuhamisha barua pepe za mteja kuna utaratibu wake. Unabadilisha rekodi, halafu seva ya zamani unaiacha wazi siku mbili tatu, kwa sababu mitandao mingine bado inakumbuka anwani ya zamani. Hakuna ujanja hapo, ni kusubiri tu.

Chama kimoja cha wakulima wa zabibu kule Hombolo kilipohamia seva yetu mpya, Mkurugenzi alitaka uzinduzi: turubai, ngoma, na mgeni rasmi wa kubonyeza kitufe.

"Ile ya zamani ifungwe asubuhi hiyohiyo," akaniambia. "Mgeni rasmi atazindua nini kama ya zamani bado inafanya kazi?"

"Mkuu, ingefaa tusubiri kidogo."

"Ratiba imeshafika kwa mgeni rasmi."

Ratiba ikishafika huko, nani wa kubisha? Nikaifunga. Ningeweza kuiacha wazi kimyakimya, asingejua mtu. Niliogopa tu, nilikuwa nakaribia kustaafu.

Siku hiyo kiwanda cha mvinyo kiliwaandikia wakulima wapeleke mzigo kesho yake. Barua ikaenda kwenye seva niliyoifunga, ikarudi kiwandani. Kiwanda hakikuwatafuta tena, kikachukua zabibu za watu wengine, na zile za Hombolo zikaozea kwenye makreti.

Mama Neema, katibu wa chama, alikuja ofisini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa. Hakufoka.

"Mwanangu, sisi mambo haya hatuyajui. Wewe ulijua barua zinaweza kupotea?"

Nikamwambia hapana, mtandao ndivyo ulivyo.

"Basi si kosa lako," akasema, akanishukuru kwa ile sherehe ya uzinduzi.

Sasa nimestaafu. Vijana wakiniuliza habari za rekodi nawaeleza mpaka nachoka. Na Mama Neema tunasali naye kanisa moja. Ananishika mkono, anawaambia watu, "Huyu ndiye aliyetuwekea barua pepe." Naona aibu, lakini mpaka leo sijamwambia.