Ndoo ya Mabibo Jikoni kwa Mama Zuhura

Jamani, chekeni tu, maana hadi leo nikipita Kitangari, kule Newala, kuna watu wananiita Afisa Uraka, na mimi naitika!

Nilikuwa mgeni Newala, afisa maendeleo niliyehamishwa kutoka Singida, moto kama pasi, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumsaidia Mama Zuhura apate cheti cha halali cha korosho zake za kukaanga na jamu ya mabibo, yale matunda ya mkorosho. Duka moja kubwa la Masasi lilishamwambia bila cheti halichukui hata pakiti moja. Basi tukasugua jiko siku tatu, kwa maji ya kununua kwa dumu (shida ya maji kule mnaijua), na ikiwa kesho wakaguzi wanakuja, nikapata wazo, laiti ningelala tu! Nikakamua ndoo nzima ya juisi ya mabibo ya kuwakaribishia, nikaifunika vizuri pembeni jikoni, wala sikumwambia mtu.

Gari la wakaguzi likaharibika njiani, wakafika alasiri, shekhe mmoja mpole na dada mwenye faili. Majirani wamejaa uani, dada anaweka tiki, tiki, moyo wangu unaruka kwa furaha! Ndipo shekhe akauliza, "Na ile ndoo?"

"Juisi, shekhe!" nikadakia. Kugusa tu mfuniko, ukaruka wenyewe, povu likamwagikia kanzu yake, na mimi kwa kimbelembele changu nikachota kikombe nikanywa chote kuonyesha haina neno. "Tamu! Inachangamsha!"

Bibi mmoja akasema kutoka mlangoni, "Mwanangu, hiyo imelala. Hiyo uraka." (Mabibo yakilala yanakuwa pombe, kila mtoto wa Newala anajua, isipokuwa huyu wa Singida.)

Mama Zuhura akakaa chini. Aibu niliyoona! "Shekhe, kosa ni langu, mama hajui lolote," nikasema. Shekhe akafuta kanzu. "Ndoo itoke, jiko lioshwe upya. Tutarudi wiki ijayo."

Maji ya kuoshea niliyabeba mwenyewe. Wiki iliyofuata Mama Zuhura akaniambia, "Wewe baba, leo kaa nje," nikakaa nje ya uzio, hadi nikasikia vigelegele. Amepita! Nikaingia mbio, nikaruka kuliko wenye nyumba.

Wahenga wanasema mgeni njoo mwenyeji apone, mimi nusura nimmalize. Siku hizi sikamui hata ndimu bila kuuliza wenyeji. Mama Zuhura alinipa glasi ya juisi. "Nimekamua sasa hivi," akasema. "Kunywa upesi, baba, kabla haijalala."