Ng'ombe wa Mama Alitosha

Nimekosa. Nasema mapema kabla hamjaniuliza, maana nikizunguka nitaanza kujitetea, na kujitetea ndiko kulikonifikisha hapa. Jina langu naomba niliache. Ninaishi Uru, juu ya mji wa Moshi, mimi na mama yangu tu, kwani baba alishafariki. Nimesomea kutengeneza programu za simu. Niliyemkosea ni mama.

Mama alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, jina lake Zawadi. Alizaliwa na ng'ombe ambaye mama alipewa na mama yake siku alipoolewa, kwa hiyo msimwone kama ng'ombe tu. Maziwa yake ndiyo yaliyonisomesha. Mbolea yake ndiyo iliyokuwa inalisha migomba ya kihamba chetu, shamba la kuzunguka nyumba.

Nilipomaliza mafunzo sikuwa na kompyuta, nilikuwa natumia za chuoni. Jamaa mmoja mwenye kampuni ndogo Arusha akaniahidi kazi ya majaribio kuanzia Januari, mradi niwe na kompyuta yangu. Nikamwambia mama. Akaendelea kukata majani ya Zawadi. Kesho yake asubuhi akasema, "Kamwite Mama Eliamini. Amemtaka huyu siku nyingi."

Mama Eliamini ni jirani yetu, tumetenganishwa na ua tu. Alikuja na ndoo yake mwenyewe. Kwetu ng'ombe wa maziwa hanunuliwi kwa kumtazama. Unamkamua asubuhi, unarudi kumkamua jioni, ukiridhika ndipo unatoa hela. Nilisimama bandani nikayaona yote hayo kwa macho yangu.

Mama aliponikabidhi zile hela alinitania. "Na wewe huko dukani usidanganywe na rangi ya ngozi. Ikamue kwanza!" Tukacheka wote wawili. Sijui kwa nini nilicheka.

Nilishuka mjini na Hamisi, rafiki yangu niliyesoma naye. Ni mtoto wa mjini, maneno mengi, lakini kazi anaijua. Tukaingia duka la kompyuta zilizotumika. Akachagua moja nyeusi, nene, imechubuka pembeni, akaniwekea mbele.

"Oya, beba hii. RAM yake inatosha, na siku ukitaka kuongeza unaongeza. Imetoka ofisini hii, imezoea kazi."

RAM ndiyo kumbukumbu inayobeba programu ulizofungua. Hela nilizokuwa nazo zilitosha kabisa kuinunua kompyuta hiyo. Naomba mlikumbuke hilo.

Lakini jicho langu lilishakwenda kwingine. Kulikuwa na moja ya rangi ya fedha, nyembamba, ukiigusa tu herufi zinawaka. Bei ile ile.

"Hiyo ni ya kuangalizia filamu," Hamisi akasema. "RAM yake ndogo, halafu imechomelewa humo humo, huongezi kitu. Ukifungua programu zako mbili tu inakufia mkononi. Achana nayo!"

Ilikuwa Desemba. Mnaijua Desemba ya kwetu! Kila Mchagga aliyeko mbali anapanda nyumbani, magari yanajaa barabara za migombani, na kila mtu anakuja kuonyesha mwaka wake umekwendaje. Binamu zangu wa Dar wangefika na simu zao na funguo zao za magari. Krismasi iliyotangulia mimi nilikuwa wa kuchoma nyama na kumimina mbege, pombe yetu ya ndizi, hakuna hata aliyeniuliza nasoma nini. Sasa nikajiona nimeliweka lile dude jeusi mbele yao. Aibu ikanishika pale pale dukani, aibu ya jambo ambalo hata halijatokea!

Nikaichukua ya fedha. Sikufungua programu hata moja kuijaribu. Hamisi akainua mabega. "Haya bwana, hela ni yako."

Haikuwa yangu, jamani.

Krismasi ilinoga. Binamu yangu mmoja aliishika kompyuta akaigeuza geuza, akasema, "Aisee, umetusua!" Mama alikuwa karibu, akasikia, akatabasamu mpaka nikaona aibu nyingine. Wageni walipoondoka aliifunika kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe.

Januari kazi ikaja. Nikaweka programu za kufanyia kazi, kioo kikaganda. Nikazima, nikawasha, kikaganda tena. Nikafuta picha, nikafuta nyimbo, nikafuta kila kinachofutika. Nikapeleka kwa fundi mjini, akaifungua, akanionyesha: hapana pa kuongezea. Nikasema basi niiuze. Bei waliyonitajia ilikuwa ya kunifukuza dukani. Yule jamaa wa Arusha alinisubiri, akanisubiri tena, mwisho akampa kazi mtu mwingine. Hata kumlaumu siwezi.

Mama hakujua kitu. Akipita nje ya dirisha langu anatembea kwa kunyata, anafukuza hata kuku. "Nendeni huko, mtu anafanya kazi!" Nami nimekaa ndani nakitazama kile kiduara kikizunguka kiooni.

Siku moja akaniuliza, "Mwanangu, mbona hiyo kazi haionekani?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Badala yake nikamjibu, "Mama, hela ilikuwa ndogo. Ingeongezeka kidogo ningepata yenye nguvu."

Mungu wangu! Hata sikutafuta maneno, yalikuja yenyewe. Mama akasema, "Ahaa." Akachukua panga lake akaenda migombani.

Jumapili iliyofuata alitoka kanisani akaja moja kwa moja chumbani kwangu, hajavua hata kitenge chake kizuri. Mkononi alikuwa na jani la isale.

Kwa msiojua, isale ndilo lile jani refu la mmea tunaoupanda mipakani. Ukimkosea mtu unampelekea jani hilo, na aliyepelekewa hawezi kukataa kusamehe. Mdogo humpelekea mkubwa. Mzazi kumletea mtoto wake, mimi sijawahi kuona.

"Nisamehe, mwanangu," alisema kwa Kichagga, lugha anayoitumia akiwa hana mchezo. "Nilimuuza Zawadi kwa haraka. Ningengoja azae, angeleta bei nzuri, ungepata kitu cha maana. Nimekuharibia."

Mikono yangu ikalipokea lile jani. Nilimsamehe mama yangu kwa kosa langu mimi! Akashusha pumzi, akanishika kichwa, akaenda jikoni kutupikia.

Tangu siku hiyo mama ana amani. Anakunywa chai ya rangi, yeye aliyekunywa chai ya maziwa maisha yake yote, na halalamiki. Zawadi akisikia sauti yake analia kule ng'ambo ya ua, na mama anamwitikia kwa jina. Kila nikisikia hivyo najiambia leo nitasema. Halafu nafikiri: nikisema, atajua kwamba aliniinamia bure. Nisiposema, ataendelea kuamini kwamba ng'ombe wa mama yake hakutosha. Nimefungwa huku na huku, sina pa kutokea.

Ninyi mnaotafuta kompyuta ya kazi na hela ni ya kuunga unga, nawasihi. Msiinunue kwa ajili ya macho ya ndugu zenu. Wageni wa Krismasi wanakaa wiki, halafu wanashuka zao. Fungueni programu zenu hapo hapo dukani, zote kwa pamoja, muuzaji akinuna anune. Ulizeni kama RAM inaongezeka. Na mkikosea, maana binadamu hukosea, semeni siku hiyo hiyo, kabla mtu mwingine hajalibeba kosa lenu.

Mimi nimechelewa. Nimelitazama lile isale la mpakani mara nyingi, nikaenda na panga, nikarudi mikono mitupu. Jani la mama nilishalipokea. La kwangu nitampelekea kwa uso gani?