Robe Nyeupe ya Ketsia

Hortense alikuwa fundi wa nguo za kike, na Bunia nzima, au basi ile Bunia inayopenda kupendeza Jumapili, ilimjua kwa kibanda chake cha mbao pale bulvari, barabara kuu ya mji. Miaka mingi alikaa humo, mlango wazi, cherehani ikitazama barabara. Hakuwahi kuandika jina lake popote. Akiulizwa kwa nini hana kibao alijibu, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hiyo ilimlisha vizuri sana, muda wote ambao kizuri chake kilining'inia mahali ambapo kila mpita njia alikiona.

Kisha mwenye kiwanja akataka kujenga ghorofa. Vibanda vikavunjwa, na Hortense akahamishia cherehani nyumbani kwake mtaani Mudzipela, ndani ya kichochoro ambacho hata waendesha pikipiki hukikataa mvua ikinyesha. Wateja walifika bulvari, wakaona zege na vumbi, wakauliza kwa jirani wa ng'ambo ya barabara. Jirani huyo, fundi mwenzake, aliwajibu kwamba labda Hortense amehamia Beni. Jirani mwema kweli! Asiyekuwapo machoni na moyoni hayupo, na kabla ya msimu wa arusi kwisha hakuna aliyemtafuta tena.

Njaa ilimtisha, lakini si njaa peke yake. Hortense aliachwa na mume zamani kwa kukosa mtoto, na kama watu wazima walimwita Maman, ni kwa sababu ya zile nguo. Siku za arusi alikuwa akisimama nyuma kabisa kanisani, akitazama mishono yake ikitembea kuelekea altareni huku watu wakigeuza shingo. Hapo ndipo alipojiona ana ukoo. Hilo tu ndilo alilolitaka lirudi: ajulikane alipo, na nguo zake zitembee tena mbele za watu.

Aliyemletea dawa alikuwa Yannick, mtoto wa marehemu rafiki yake, mtu mzima mwenye familia, aliyekuwa na kiofisi cha kupiga chapa karibu na soko.

"Maman, batu ya leo habaulize tena njia," Yannick alimwambia. "Banaangalia mu telefone. Kama hauko mu Facebook, hauko Bunia."

"Niko Bunia tangu nilizaliwa."

"Telefone haijue ile, Maman."

Hortense alicheka, ila neno lilimchoma. Akakubali.

Kwenye tangazo la kutumwa kwa simu waliamua kuweka foto ya Ketsia, mwalimu wa shule ya msingi, akiwa amevaa robe, yaani gauni, ambayo Hortense alimshonea kwa arusi ya mdogo wake. Ilikuwa nyeupe, ya lesi, mikono mirefu, zipu imefichwa ubavuni, na mgongo wake wote ulikuwa kipande kimoja kisicho na mshono hata mmoja. Mgongo ule ulimkosesha Hortense usingizi, na ndio kazi aliyojivunia kuliko zote maishani. Ketsia alitoa ruhusa kwa furaha, kisha akaenda zake kwenye mafungo ya sala, ambako simu huzimwa na kukusanywa kwenye kapu.

Sasa, Yannick alikuwa mtu mwema, lakini mkono hufuata mazoea. Kazi yake kubwa pale ofisini, wiki nenda wiki rudi, ilikuwa kutengeneza matangazo ya vifo. Alipotaka kumpamba Ketsia, alichukua kile alichokuwa nacho: mawingu nyuma, maua meupe pembeni. Hortense alipoyaona mawingu alifurahi mno.

"Inafanana mbinguni," alisema. "Andika jina ya Ketsia kubwa. Ni heshima kwa mwenye kuvaa. Andika na avenue yangu, na namba ya telefone. Lakini ile maneno ingine upunguze, isifunike robe."

Maneno mengine yalikuwa: Nguo za sikukuu kwa Maman Hortense, karibuni wote. Yakapunguzwa yakawa kama chungu wanaotembea chini ya picha. Ijumaa jioni Yannick akaituma katika makundi ya WhatsApp ya waalimu, ya kwaya, ya mama wa soko. Simu ya Hortense ikazimika kwa kukosa moto, akaipeleka kwa kijana anayechaji simu kwa sola, akarudi nyumbani akiwa na tumaini ambalo hakuwa nalo tangu bulvari.

Asubuhi alisikia nyayo nyingi kichochoroni. Wamekuja, alijisemea. Akavua aproni, akajipangusa uso, akafungua mlango kwa tabasamu. Mbele walikuwa wanawake, mikono kichwani. Nyuma yao wanaume walibeba viti vya plastiki na turubai. Mmoja alikuwa na kichana cha ndizi, mwingine mzigo wa kuni. Kisha kilio kikapanda.

Godelive, kiongozi wa mama wa parokia, alimkumbatia. "Pole, Hortense. Maiti iko wapi?"

"Maiti gani?"

"Ya Ketsia. Tulipokea foto. Avenue ni hapa. Tukapiga namba, iko fermé, imezimwa, tukasema basi ni kweli, muko mu kilio."

Hortense alieleza, akaeleza tena, akaapa. Wengine walicheka kwa aibu. Wengine walikasirika, maana machozi yakishatoka hayarudi jichoni. Godelive alimwonyesha simu yake. "Mawingu, maua, jina, avenue. Weye ungesoma nini?"

Hortense alimrudishia simu. Na mimi nisingelaumu mtu. Miaka hii ya vita watu wa Bunia hupokea simuni sura za waliokufa kabla hawajanywa chai. Macho yameshajifunza, hayashuki tena mpaka chini kusoma.

Ketsia aliletwa kutoka mafungoni, mzima, akapigiwa vigelegele. Mambo yangeishia pale. Lakini habari ya kifo haingoji mtu avae viatu, ilikuwa imeshafika Gety, kwa mama yake.

Mama huyo, Gertrude, aliingia kesho yake juu ya pikipiki, mwekundu kwa vumbi, baada ya kupita barabara ambayo watu hawapiti ila kwa jambo la kuzika. Alikuwa amenyoa kichwa chote, kama mfiwa. Alimshika Ketsia mashavu, akamshika mabega, akampapasa kama anayenunua kuku, na bado alilia. Hakuweza kuacha.

"Mama, niko muzima," Ketsia alisema. "Niangalie."

"Ninakuona," alijibu. Kisha akamgeukia Hortense. "Weye haukuzaa, hauwezi kujua. Nywele ya kilio hainyolewe bure, mama. Itatafuta mutu ya kulilia."

Neno hilo lilimwingia Hortense mpaka kwenye mfupa. Lilimwuma zaidi kwa sababu lilisemwa bila kelele.

Siku chache baadaye Ketsia alikuja na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na ile robe, imekunjwa vizuri. "Sina hasira na weye, Maman Hortense. Lakini mama hataki ilale mu nyumba yetu."

Yannick aliifuta foto kila mahali alipoweza, akiomba radhi hadi ikachosha. Maji yakimwagika hayazoleki. Foto iliendelea kutembea simu hadi simu, mara na kicheko, mara na onyo. Hata majirani wachache wa kichochoroni waliokuwa wamemletea vitambaa walikuja kuvichukua, kila mmoja na uongo wake wa adabu. Hakuna anayetaka kuvaa arusini kazi ya mkono uliowafanya watu wamlilie aliye hai. Hortense aliitundika robe ukutani, akafunika cherehani kwa shuka, akawa anakaa tu. Alitamani hata yule jirani wa bulvari aendelee kusema yuko Beni.

Ndipo simu ikalia. Sauti ya mwanamume.

"Ni weye mama ya ile robe? Ya foto ya mawingu?"

Alitaka kukata. "Ni mimi, papa. Ule dada ni muzima, ilikuwa makosa..."

"Ninajua. Muke yangu Divine alisoma ile maneno ya chini yote. Alichunga foto mu telefone yake. Alisema akishazaa atakutafuta, umushonee ya namna ile. Ninaitwa Kasereka. Divine alikufa jana, na mutoto. Tunamuzika leo mchana. Unaweza kushona?"

Mtu mmoja. Katika mji mzima, mtu mmoja tu alishuka na macho mpaka chini, akasoma, akamtaka. Hortense alilia waziwazi ndani ya simu, na yule mwanamume alimsubiri.

"Haina wakati ya kushona," alisema mwishowe. "Lakini ile ya foto iko. Kuya uichukue."

Aliishusha robe ukutani, akaitandaza mezani kifudifudi. Nguo ya maiti hufunguliwa nyuma, kwa sababu mikono haikunjiki tena. Alijua hivyo, kila fundi anajua. Alishika mkasi, akauweka kwenye shingo ya robe, akaupasua ule mgongo usio na mshono kutoka juu hadi chini.

Mchana alisimama nyuma kabisa kanisani, kama zamani. Jeneza lilikuwa wazi. Watu walipita kwa mstari, wakainama, wakaitazama lesi, wakanong'ona kwamba Divine amependeza. Walipotoka nje, mwanamke mmoja aliyekuwa na mgonjwa mahututi nyumbani alimsogelea, akamwuliza kwa sauti ya chini anakaa wapi.

Hortense akamwelekeza.