Jembe la Kengele

Nilikuwa mwaka wa pili Chuo Kikuu, na kwa hiyo nilijua kila kitu. Niliporudi likizo nyumbani, upande wa Rudewa, mwenyekiti wa kijiji aliniomba niseme maneno machache mkutanoni kuhusu wajibu wa mwananchi kununua vitu vilivyotengenezwa nchini. Maneno machache sikuwa nayo. Niliandaa hotuba ya kurasa tisa.

Hotuba ya aina hiyo inataka kielelezo. Nikachukua jembe la mama, ambalo karibu na shingo lilikuwa na alama ya kengele. Kutoka Kisanga hadi Tindiga kila mtu aliijua kengele ile: jembe la Ulaya, halipindi. Mkutanoni nililiinua juu.

"Ndugu zangu, tazameni! Pamba tunalima sisi, mkonge tunakata sisi, halafu jasho lote tunawapelekea mabeberu ili watuuzie kengele!"

Makofi yakalia. Sijafika ukurasa wa nne, mwenyekiti akasimama na kutangaza kwamba kuanzia gulio la Jumamosi ni marufuku kuuza majembe ya kengele kijijini. Mjomba wangu, mhunzi pekee tuliyekuwa naye, alikuwa ameketi safu ya pili. Hakupiga makofi. Nilidhani Kiswahili changu cha chuoni kimempita, nikamhurumia.

Kesho yake asubuhi akaniita kibandani kwake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mheshimiwa. Shika hii."

Kilikuwa kipande cha chuma, kinene kama kidole gumba. Kwenye ncha yake ilichongwa kengele.

Sikuelewa. Nimeshasema nilikuwa mwaka wa pili. Ndipo akafunua magunia: majembe kama ishirini, mapya, yote yana kengele, na yote kayafua mwenyewe kutokana na springi za lori bovu la shamba la mkonge, juu ya kipande cha reli ambacho katika ukoo wetu hatukuwahi kuuliza kilitoka wapi. Mvua zilikuwa zimebakiza wiki chache. Asipoyauza sasa, hakuna atakayetafuta jembe mpaka msimu mwingine, na watoto wake sita wangekula hotuba yangu.

"Mbona hukusema mkutanoni?"

"Niseme nini? Kwamba nimewadanganya watu miaka yote hii, au kwamba mpwa wangu msomi halijui jembe la kwao?"

Zamani, akanieleza, aliyauza bila alama. Watu waliyaita majembe ya mhunzi na kuyabania bei kama mamung'unya. Mama mmoja wa Tindiga alimrudishia lake na matusi juu. Mjomba akaligonga kengele, aliyoiiga kwenye jembe kuukuu, na gulio lililofuata akamuuzia lilelile. Yule mama alirudi kumshukuru kwa kumpatia, safari hii, jembe la kweli.

"Basi tuseme ukweli," nikasema. "Hakuna jembe la nchini kuliko hili! Limetengenezwa hatua hamsini kutoka ofisi ya kijiji."

"Nikisema, kamati itanisamehe. Wanunuzi hawatanisamehe." Akakoleza moto. "Halafu hiyo springi nayo ni ya kijiji gani?"

Hilo halikuwemo kwenye kurasa tisa.

Njia aliiona yeye. Mimi, kwa kuwa nilikuwa na kalamu, aliniamuru nichore mwenge. Akachonga muhuri mpya, akayarudisha majembe kumi motoni, akazifuta kengele zake kwa nyundo na kugonga mienge mahali pake. Yaliyobaki akayaacha guniani.

Jumamosi mwenyekiti aliuona mwenge, akafurahi, akanunua jembe moja kwa niaba ya kijiji. Lilitundikwa ukutani ofisini, na sijui kama liliwahi kugusa udongo. Alipokwisha kuondoka nalo, akaja yule mama wa Tindiga. Akachukua la mwenge, akaligonga kwa kijiwe karibu na sikio, kama wafanyavyo wote wanaojua majembe.

"Mlio mzuri," akasema. Kisha akaiona alama. "Aa, hili la mkutanoni. Fundi, mimi nina majaruba. Nipe la kulimia."

Uzalendo ukanipanda. "Mama, ni chuma kilekile!"

"Wewe si yule wa hotuba? Hebu kalime nayo hiyo hotuba, tuje tuone mpunga wake."

Watu wakacheka. Mjomba hakumtazama mtu. Akaingiza mkono guniani.

Kabla ya adhuhuri gunia lilikuwa tupu. Mienge ilibaki saba, na mmojawapo wa mitatu iliyotoka, kama mnavyojua, ulikuwa ukutani. Jumatatu mjomba aliirudisha yote saba motoni, ikatoka kengele, na mvua za kwanza ziliikuta imeshakwenda mashambani. Watoto wake walikula ugali. Hotuba yangu ilichapishwa katika jarida la wanafunzi, ikasifiwa na watu ambao hawajawahi kushika mpini.

Nilipomaliza chuo, mjomba alinizawadia jembe alilolifua kwa ajili yangu. Nilishukuru kwa mikono miwili. Kisha, nikidhani ameinama kutafuta tumbaku yake, nikaligeuza upande huu, nikaligeuza upande ule. Halikuwa na alama yoyote.

"Unatafuta nini?"

"Hapana, mjomba. Naliangalia tu."

Akanyoosha mkono kuelekea nyundo.

"Lete," akasema. "Lete nikugongee."